Usirudi na lugha ile ile: mwongozo wa mwanafunzi anayekwenda nje kubadilishana lugha na utamaduni

Mwaka 2004 watafiti Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey walilinganisha wanafunzi 28 wa Kimarekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Kundi moja lilibaki na darasa la kawaida chuoni. La pili lilikwenda kusoma Ufaransa. La tatu halikutoka Marekani, ila liliingia kwenye kambi ya masomo ambako kila mtu alitakiwa kuongea Kifaransa asubuhi hadi usiku. Walioongeza ufasaha zaidi ni wale wa kambini, si wale waliovuka bahari. Walipoulizwa wanatumia saa ngapi kuongea na kuandika Kifaransa nje ya darasa, wa kambini waliwazidi wenzao wote kwa mbali, na wale wa Ufaransa wakaeleza kwamba nje ya darasa walikuwa wakitumia Kiingereza kuliko Kifaransa.

Ninautaja utafiti huo mapema kwa sababu wanafunzi wengi, na wazazi wao pia, huamini kwamba ukishafika nchi ya watu lugha itakuingia yenyewe. Haiingii. Inayokufundisha ni saa unazokaa ukiongea na mtu asiyekuwa na lugha yako, na saa hizo hupatikana kwa kuzipangia. Kwa hiyo katika kila hatua ya mwongozo huu, uwe unachagua shirika, unafunga mzigo au umekaa sebuleni kwa wenyeji, rudia swali lile lile: hapa nitaongea na nani, na kwa muda gani?

Hatua ya 1: Jua unachokifuata, ndipo uchague mpango

Mipango ya kubadilishana wanafunzi haifanani. AFS, iliyotokana na madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa wakati wa vita kuu mbili za dunia, ilianza kupeleka wanafunzi wa sekondari kuishi na familia mwaka 1947. Hadi leo msingi wake ni huo: unaishi na familia na kusoma shule wanayosoma watoto wa mji ule, kwa muhula au mwaka. Rotary nao wana mpango wa vijana wa sekondari unaokaribiana na huo, na mara nyingi mwanafunzi wao huhama familia zaidi ya moja ndani ya mwaka. Kwa wa chuo kikuu kuna Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanzishwa 1987, unaompeleka mwanafunzi kwenye chuo kingine kwa miezi 2 hadi 12 bila kupoteza masomo ya kwao. Halafu kuna kozi fupi za lugha za wakati wa likizo, wiki tatu au nne, ambazo ni nyepesi kupanga lakini hukuweka darasani na wageni wenzako.

Tazama zaidi mahali utakapolala kuliko urefu wa safari. Kama lugha ndiyo lengo lako kuu, mimi ningechagua muhula mmoja ndani ya familia kuliko mwaka mzima katika bweni lililojaa wanafunzi wa nchi yangu. Mji nao una uzito. Mji mkuu una makumbusho na usafiri mzuri, lakini una wageni wengi na watu wamezoea kumjibu mgeni kwa Kiingereza. Mji wa kati au mdogo hukulazimisha kuongea, kwa sababu wenzako wa lugha moja hawapo na mwenye duka hana lugha ya pili.

Hatua ya 2: Lihoji shirika kabla halijakuhoji

Shirika litakuuliza mengi: alama zako, afya yako, tabia yako. Nawe una haki ya kuuliza. Familia wenyeji huchaguliwaje? Je, kuna mtu anayekwenda kuiona nyumba na kuchunguza kumbukumbu za jinai za watu wazima wanaoishi humo? Familia inalipwa au inajitolea? Katika mpango wa sekondari wa Marekani unaotumia viza ya J-1, kwa mfano, familia hailipwi, na shirika linatakiwa kuwasiliana na mwanafunzi angalau mara moja kila mwezi. Ukikutana na shirika lisiloweza kukueleza nani atakutembelea na mara ngapi, achana nalo.

Uliza pia ada inalipia nini. Tiketi? Bima? Ada ya viza? Vitabu na sare? Nauli ya kwenda shule? Na ukirudi mapema kwa ugonjwa, unarudishiwa kiasi gani? Omba majibu kwa maandishi. Omba vilevile kuongea na wanafunzi wawili watatu waliokwisha rudi, na usiwaulize kama walifurahi, kwa sababu wengi watasema ndiyo. Waulize walikuwa wanaongea lugha ya wenyeji saa ngapi kwa siku, na walipopata tatizo nani alipokea simu.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala. Uamuzi wa viza ni wa serikali ya nchi unayokwenda. Mtu anayekuahidi viza ya uhakika ukimlipa ziada ni tapeli, hata kama ana ofisi nzuri na picha za wanafunzi ukutani.

Hatua ya 3: Karatasi

Anza na pasipoti, kwa sababu kila kitu kingine kinaifuata. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, kwa mfano, hutaka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iliyobakiza angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka kwako, na yenye kurasa 2 tupu. Ikiwa yako inakaribia kwisha, ibadilishe sasa, maana ukishaombea viza kwa pasipoti ya zamani utakuwa umejitafutia kazi mara mbili.

Aina ya viza hutegemea muda na madhumuni. Viza ya kawaida ya Schengen hukupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180; ukienda kwa muhula unahitaji viza ya muda mrefu ya nchi yenyewe unayokwenda. Marekani, mwanafunzi wa kubadilishana huomba J-1 akiwa na fomu DS-2019 iliyotolewa na shirika linalomdhamini. Uchina hutofautisha X2 kwa masomo yasiyozidi siku 180 na X1 kwa yanayozidi hapo. Kanada kwa kawaida hutaka kibali cha masomo kozi ikizidi miezi 6. Sheria hizi hurekebishwa, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi mwenyewe hata kama shirika linakusaidia kujaza fomu. Na usitumie viza ya utalii kwa programu ya shule kwa sababu tu ni rahisi kuipata.

Ukiwa chini ya miaka 18, utahitaji barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili au mlezi halali, mara nyingi ikiwa imethibitishwa na mwanasheria, pamoja na idhini ya kutibiwa endapo utaugua wakati wazazi hawapatikani. Barua ya pili ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayohitajika usiku wa manane.

Bima isomeni pamoja na mzazi, hasa ukurasa wa mambo isiyoyalipia. Kwa viza ya muda mfupi ya Schengen bima lazima ifikie angalau euro 30,000, lakini kiwango cha viza ni kiwango cha kukubaliwa tu. Tazama kama inalipia magonjwa uliyokuwa nayo tangu zamani, meno, afya ya akili, michezo utakayocheza na gharama ya kusafirishwa kurudi nyumbani.

Chanjo zipangie mapema. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kudungwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo kama ulishachanjwa tafuta kitabu chako kabla ya kuchanjwa tena. Kama unatumia dawa za kila siku, beba barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, na uulize ubalozini iwapo inaruhusiwa. Zipo dawa za kawaida mahali pamoja ambazo ni kosa mahali pengine. Japani haikubali dawa zenye amfetamini, hata mgonjwa akiwa na cheti cha daktari.

Piga picha za kila hati. Nakala moja mwachie mzazi, nyingine iweke kwenye barua pepe yako.

Kwa wa chuo kikuu kuna karatasi ya ziada yenye thamani kubwa: makubaliano ya masomo. Katika Erasmus husainiwa na mwanafunzi, chuo anachotoka na chuo anachokwenda, na yanataja kozi zipi zitahesabiwa. Mwaka kamili wa masomo huko huwa na krediti 60, yaani vipimo vya kazi ya masomo. Hata kama mpango wako si Erasmus, dai maandishi ya namna hiyo kabla ya kupanda ndege. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka naye akihamishwa.

Hatua ya 4: Lugha, kabla ya kuondoka

Hapa ndipo ningeweka nguvu zako nyingi. Mwanafunzi anayefika bila neno hata moja hutumia miezi ya kwanza akitabasamu na kutikisa kichwa, na hiyo ni miezi ambayo wenyeji wana hamu naye zaidi. Baadaye hamu hupungua, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na yeye ndiyo kwanza anaanza kuelewa.

Kipimo kinachotumika sana ni kile kilichochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, chenye ngazi, kuanzia ya chini, A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Lenga kufika A2 kabla ya kusafiri. Katika A2 mtu anaweza kuuliza jambo la kila siku na kuelewa jibu fupi, na huo ndio mlango wa mazungumzo. Ili ujue ukubwa wa kazi, taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa za darasani kati ya 600 na 750 kwa Kihispania au Kifaransa, na kama 2,200 kwa Kijapani, Kichina, Kikorea au Kiarabu, mpaka mtu aweze kufanyia lugha hiyo kazi. Hesabu hiyo ni ya watu wazima wanaozungumza Kiingereza, nawe huna haja ya kufika mbali hivyo, lakini inakuonyesha kwamba programu ya simu ya dakika tano kwa siku haitakufikisha.

Kama lugha ina maandishi yake, yajue yote ukiwa bado nyumbani. Ni kazi ya kukaa peke yako, haihitaji mwenyeji. Herufi za msingi za Kikorea ni 24, za Kirusi ni 33. Kijapani kina hiragana na katakana, kila moja ikiwa na alama 46 za msingi, na baada ya hapo ndipo kanji, herufi zenye asili ya Kichina, zinaanza. Ni hasara kufika kwenye nchi yenye watu wa kuongea nao kisha ujifungie chumbani ukikariri herufi.

Maneno yafuate maisha utakayoishi. Vitabu vingi vya mwanzo huanza na hoteli na uwanja wa ndege, wakati wewe utaishi kwenye nyumba. Jifunze vitenzi vya nyumbani: kufunga, kufungua, kuwasha, kuzima, kuosha, kukausha, kukunja, kutupa, kusubiri, kuchelewa. Jifunze maneno ya darasani. Na juu ya yote shika sentensi za kuokoa mazungumzo, zitoke mdomoni bila kufikiri: samahani, sijaelewa, tafadhali rudia polepole, neno hilo maana yake nini, unataka niende sasa au baadaye, subiri, nitafute neno. Mtu mwenye sentensi kumi za namna hii anaweza kuendelea kuongea hata pale msamiati unapokatika. Asiye nazo hunyamaza, na akishanyamaza mwenzake humhurumia na kubadili lugha.

Kuhusu kukariri, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunachojifunza hupotea haraka mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hushinda kurudia kwa mkupuo. Miaka ya 1970 Sebastian Leitner aliigeuza kanuni hiyo kuwa visanduku vya kadi: neno ulilolijua linasogea sanduku la mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi, ulilokosa linarudi la kwanza. Programu nyingi za kadi kwenye simu hufanya hivyo hivyo. Andika kadi zako mwenyewe, zenye sentensi nzima, badala ya kupakua orodha ya mtu mwingine.

Sikio nalo linahitaji mazoezi. Chukua rekodi fupi ya habari au ya mazungumzo, isikilize mara kadhaa, kisha sema sambamba na msemaji, ukifuata kupanda na kushuka kwa sauti yake. Mwanzoni utaachwa nyuma. Endelea na rekodi ile ile siku chache ndipo uchukue nyingine.

Hatua ya 5: Jiandae kutoa

Safari hii ni ya kubadilishana. Wenyeji wako hawakufungua mlango ili wafundishe tu. Wanataka kujua unakotoka. Utaulizwa nchi yenu ina watu wangapi, mnaongea lugha gani, serikali inachaguliwaje, wasichana na wavulana wanasoma pamoja au la, watu wanaombea wapi, vita vile walivyovisikia kwenye habari viliishaje. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na si kwa sababu ya lugha. Hawajawahi kuisoma nchi yao kwa macho ya mtu anayeuliza.

Andaa mazungumzo ya dakika kumi kuhusu kwenu, kwa lugha ya wenyeji, yenye picha zako mwenyewe za watu na sehemu unazozijua. Mwombe mwalimu ayasahihishe. Hayo utayarudia shuleni, kwa majirani na kwa ndugu za familia, na kila ukiyarudia ndivyo utakavyoongea vizuri zaidi. Ongeza jambo moja unaloweza kulifundisha kwa mikono: mchezo, wimbo, namna ya kusuka, chochote kinachowafanya watu wakae nawe na kuulizana.

Waandikie wenyeji kabla hujafika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: unapenda nini, unaogopa nini, huli nini, unamwabudu nani kama lina uzito kwako, una mzio wa kitu gani. Mambo ya chakula na ibada ukiyasema mapema ni taarifa tu. Ukiyasema mezani siku ya kwanza yanageuka kuwa usumbufu.

Mzigo hauhitaji maneno mengi. Beba nguo za majira utakayoyakuta, dawa, hati na zawadi ndogo, uache nafasi ya kurudi na vitu. Pasipoti, barua na dawa zikae kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 6: Siku za mwanzo nyumbani kwa watu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lichukue jembe kabla hujapewa. Ndani ya siku mbili za kwanza keti na wenyeji wako, ukiwa na daftari, uulize mambo madogo ambayo yakiachwa huzaa makubwa. Niwaiteje? Mnaamka saa ngapi, na asubuhi nani anaanza bafuni? Nguo chafu naziweka wapi, naziosha mwenyewe? Naruhusiwa kujichukulia chakula jikoni? Viatu vinaishia wapi? Mlango wa chumba changu uwe wazi au umefungwa? Naweza kuleta rafiki? Nirudi saa ngapi, na nikichelewa nampigia nani? Kazi yangu ya nyumbani ni ipi?

Hilo la mwisho liombe hata kama watasema hakuna haja. Anayeosha vyombo na mtu mwingine jikoni anapata nusu saa ya maongezi kila jioni. Anayeshukuru na kwenda chumbani anapata ukimya.

Hatua ya 7: Kazi ya kila siku

Shule za lugha za Middlebury, zilizoanza 1915, huwasainisha wanafunzi ahadi ya kutotumia lugha nyingine yoyote isipokuwa ile wanayojifunza kwa muda wote wa kozi. Kambi ile niliyoitaja mwanzoni ilijengwa kwa nidhamu ya namna hiyo. Andika ahadi yako mwenyewe, yenye mipaka unayoweza kuitimiza: lugha ya wenyeji tangu naamka hadi nalala, isipokuwa simu ya nyumbani, dharura na somo nisiloweza kulielewa vinginevyo. Waonyeshe wenyeji na marafiki. Ahadi inayojulikana na wewe peke yako huvunjika wiki ya pili.

Kila usiku andika saa ulizoongea leo na uliongea na nani. Usihesabu kusikiliza darasani wala kutazama televisheni; hesabu kuongea. Siku za mwanzo namba itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na hapo ndipo utaona ni sehemu gani ya siku inapotea. Mara nyingi inapotelea kwenye simu. Weka siku maalumu ya kuongea na nyumbani, waeleze wazazi sababu, na uibadilishe simu yenyewe iongee lugha ya wenyeji. Mzazi, nawe saidia hapa. Kumpigia mtoto kila jioni kumuuliza amekula nini kunamtoa mezani ambako angekuwa anaongea.

Tafuta shughuli ambayo bila kuongea haifanyiki. Timu ya mpira, kwaya, kikundi cha maigizo, kazi ya kujitolea maktabani. Mchezo wa kukimbia peke yako ni mzuri kwa mwili, ila kwa lugha haukupi kitu. Watoto na wazee ni walimu ambao wanafunzi huwapuuza. Mtoto hana aibu ya kukusahihisha, na hurudia jambo mara ishirini bila kuchoka. Mzee ana muda, huongea taratibu, na ana hadithi ambazo vijana wa nyumba wameshazichoka.

Watu wakikujibu kwa Kiingereza, usione umekataliwa. Wengi wanakusaidia tu, wengine wanataka kujizoeza. Endelea kujibu kwa lugha yao, na ikibidi sema wazi kwamba umekuja kujifunza na ungependa muendelee hivyo. Kwa yule anayetaka lugha yako, panga utaratibu wa tandemu, unaotumika pia kwenye kozi za ofisi ya vijana ya Ufaransa na Ujerumani iliyoundwa 1963: nusu ya muda lugha moja, nusu nyingine ya pili, kwa saa, bila kuchanganya. Msipotazama saa, lugha ya yule anayejua zaidi itameza kikao chote.

Kuna zoezi moja ninalolipenda kwa sababu halihitaji kitabu. Chagua tukio la leo, lieleze kwa mtu mmoja kwa dakika 4. Kisha lieleze kwa mtu mwingine kwa dakika 3, na wa tatu kwa dakika 2. Walimu wa lugha hulitumia kukuza kasi, maana mara ya tatu hutafuti tena maneno. Nyumba yenye baba, dada na bibi inakutosha.

Masahihisho yaombe kwa kiasi. Ukimwambia kila mtu akusahihishe kila kosa hutamaliza sentensi. Mchague mtu mmoja, mpe kosa la aina moja kwa wiki, tuseme wakati uliopita, na mengine yaache yapite.

Utamaduni utaujua kwa njia hizo hizo. Makumbusho na ngome nenda, ni haki yako. Lakini omba pia kupelekwa kwenye mambo ya kawaida: mkutano wa wazazi shuleni, foleni ya ofisi ya serikali, mazishi kama familia inaona inafaa, siku ya kusafisha ghala. Ukiona jambo linalokushangaza, andika kwanza ulichokiona, halafu uulize kwa nini wanafanya hivyo, kabla hujaandika unavyolifikiria.

Hatua ya 8: Moyo ukishuka

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza mwaka 1960 mwendo ambao wageni wengi huupitia: kwanza kila kitu kinapendeza, kisha kila kitu kinaudhi, halafu mtu anaanza kupata nafuu, mwisho anazoea. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mtu hufuata mstari huo, na wengine huanza vibaya tangu siku ya kwanza. Faida ya kuujua ni kwamba ukijikuta unachukia chakula, hali ya hewa na namna watu wanavyofunga milango, utaelewa kwamba unapita kipindi, na hutafanya uamuzi mkubwa wiki hiyo.

Uchovu wa lugha ni wa kweli. Kusikiliza lugha ngeni siku nzima huchosha kichwa, na mtu aliyechoka hudhani anachukiwa. Lala. Sogea, tembea. Mwambie mtu wa nyumba, kwa lugha yake hata kama ni mbovu, kwamba una huzuni ya nyumbani. Hawajui kusoma uso wako kama wa kwenu wanavyojua. Lakini ikiwa usingizi umekwisha, chakula hakishuki na huzuni haipungui wiki baada ya wiki, au umeanza kufikiria kujidhuru, usisubiri izoeleke: mwambie mratibu wa shirika lako siku hiyo hiyo na uombe daktari.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Tofautisha kutoelewana na hatari. Kutoelewana, kama vile kelele, chakula kidogo au sheria kali za kutoka, zungumzeni kwanza nyumbani, kisha na mratibu. Kuhamishiwa familia nyingine hutokea katika kila mpango na si aibu ya mtu yeyote.

Hatari haina mazungumzo ya nyumbani. Mtu akikugusa usivyotaka, akikutisha, akikunyima kuwasiliana na kwenu, au akikugeuza mfanyakazi wa kutwa nzima, ondoka uende mahali penye watu na upige simu. Pasipoti ni yako. Mwenyeji hana haki ya kukuwekea. Kariri namba ya mratibu, ya ubalozi wenu na ya dharura: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada. Kariri kabisa, maana simu huisha chaji.

Upande wako nao una mipaka. Dawa za kulevya, pombe chini ya umri wa sheria ya pale, kuendesha gari na kufanya kazi ya malipo ambayo viza haikuruhusu ni mambo yanayoweza kukurudisha nyumbani kwa ndege ya kwanza, hata kama marafiki zako wote wanayafanya.

Hatua ya 10: Kurudi

Kabla ya kuaga, pitia ofisi ya shule uchukue nakala ya matokeo yenye muhuri na maelezo ya kila somo. Kuyafuata ukiwa umeshaondoka huchukua miezi. Fanya mtihani rasmi wa lugha ungali umechangamka, ikiwezekana kule kule. Vyeti vya DELF vya Kifaransa na DELE vya Kihispania havina mwisho wa matumizi. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo huo ufanye karibu na wakati wa kuombea chuo.

Kurudi nako huwa kugumu. Watafiti John na Jeanne Gullahorn waliandika mwaka 1963 kwamba anayerejea hupitia tena mteremko ule ule, safari hii akiwa nyumbani kwake. Utataka kusimulia na watu watachoka kukusikiliza baada ya jioni ya kwanza. Watafute waliokwisha kwenda, na ujitolee kwenye shirika kuwaandaa wanaofuata, kwa sababu maswali yao utakuwa unayajua.

Lugha isipotumika hufifia, na ufasaha wa kuongea hutangulia kupotea. Kwa hiyo mkiwa bado mezani na wenyeji wako, panga nao siku na saa ya simu ya kila wiki, kwa lugha yao, mkizingatia tofauti ya saa. Andikeni nyote wawili kwenye kalenda, na simu ya kwanza iwe wiki ile ile utakayofika nyumbani.